Kichujio Hakikamati Sukari: Dondoo ya Tumbaku ya Kujitengenezea

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaojichanganyia juisi za sigara ya kielektroniki ni hili: nichuje mara ngapi ndipo dondoo yangu ya tumbaku iache kuunguza koili? Dondoo hiyo ni ladha inayotolewa kwenye jani kwa kuliloweka, na koili ni ule waya unaoipasha juisi moto. Jibu langu huwaudhi wengi. Chuja utakavyo, koili itaungua vilevile, maana kinachoiunguza hakinaswi na kichujio.

Tumbaku ikilowekwa kwenye propilini glikoli, kimojawapo cha vimiminika vya msingi vya juisi, au PG kama tunavyoiita, hutoa vitu vya namna mbili. Kuna chembe: vumbi la jani na nyuzi ndogondogo zinazoelea. Hizo kichujio kinazidaka. Halafu kuna vilivyoyeyuka: harufu tunayoitafuta, nikotini, rangi na sukari. Kilichokwisha kuyeyuka hupita popote kimiminika kinapopita. Unaweza kuinua chupa kwenye mwanga, dondoo ikawa angavu bila hata doa, kumbe imebeba sukari tele. Juisi ikifika kwenye koili, PG huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi na glisirini, kimiminika kingine cha msingi, kwenye 290, zote zikaondoka kama mvuke. Sukari haina mvuke. Inabaki kwenye utambi, ile pamba inayonyonya juisi kuipeleka kwenye koili, inaungua, inakuwa gamba jeusi, na katika kuungua huko huzaa aldehidi, kemikali zenye madhara ambazo hutaki zifike mapafuni.

Kwa hiyo dondoo safi huanzia kwenye jani. Virginia, ile tumbaku ya mvuke, ina sukari nyingi kwa sababu joto la bani, banda la kukaushia tumbaku, hulikausha jani kabla halijamaliza kuitumia. Burley hukaushwa kwa hewa, polepole, wiki kadhaa, na jani linaendelea kula sukari yake mpaka inakaribia kwisha. Anayeanza namshauri achukue Burley: ladha yake ni kavu, ina kiharufu cha karanga na kakao, na utambi utadumu. Latakia, iliyofukizwa moshi, ni kali mno. Tone kidogo tu linatawala mchanganyiko mzima. Tumbaku ya kiko iliyotiwa asali, sukari au urukususu kiwandani iache kabisa. Harufu yake kwenye kopo inavutia, lakini unachonunua hapo ni sharubati.

Kuloweka kwenyewe hakuna siri. Gramu 10 za jani kavu lililokatwa, mililita 100 za PG, chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana. Jani liwe kavu kweli, kwa sababu maji huvuta sukari kuliko PG inavyoivuta, na tena hukaribisha ukungu. Ukiwa na subira, weka chupa gizani wiki tatu au nne, ukiitikisa kila unapoikumbuka. Ukiwa na haraka, iweke ndani ya maji ya nyuzi 50 hadi 60 kwa saa kadhaa. Mimi ni wa kundi la baridi. Joto hutoa rangi nzito na uchungu upesi, na harufu nyepesi, zile zinazofanya Virginia inukie kama majani makavu ya malisho, ndizo hutangulia kupotea.

Wako wanaotumia ethanoli, yaani alkoholi, badala ya PG. Ina faida moja kubwa: sukari haiyeyuki humo ila kidogo sana. Ila hubeba nta na klorofili, hivyo sharti chupa ilale kwenye friza ili nta igande na kuchujwa ingali baridi. Kisha ethanoli yenyewe iachwe ipae, mbali na moto wa aina yoyote. Iwe ethanoli ya kunyweka, si spiriti ya kuwashia yenye methanoli.

Mafuta, hapana. Si ya nazi, si ya alizeti, si ya kitu chochote. Mwaka 2019 Marekani ililaza hospitalini zaidi ya watu 2,000 wenye mapafu yaliyoharibika, na kilichohusishwa zaidi ni asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta kilichokuwa kimechanganywa hasa kwenye bidhaa za bangi za kuvuta.

Kuchuja bado kuna kazi yake, ila usiharakishe. Kamua kwanza kwa kitambaa safi, acha chupa itulie siku mbili tatu mashapo yashuke, mimina sehemu ya juu kwenye karatasi ya kuchujia kahawa. PG ni nzito na karatasi itakuchosha. Ukiipasha PG moto kidogo inapita vizuri zaidi. Usiibonyeze karatasi kwa kijiko, utasukuma chembe zile zile ulizokuwa unazizuia.

Nikotini je? Piga hesabu. Jani lenye asilimia 2 ya nikotini, gramu 10, lina miligramu 200. Hata yote ikitoka, dondoo itakuwa na miligramu 2 kwa mililita, na ukiitia asilimia 10 kwenye juisi unabaki na miligramu 0.2. Ni kidogo, lakini si sifuri, kwa hiyo usimpe mtu ukimwambia haina nikotini. Nicotiana rustica, aina nyingine ya tumbaku, inaweza kuwa na mara kadhaa ya kiasi hicho, na hiyo siigusi. Vaa glavu wakati wa kukamua, maana jani lililolowa hupitisha nikotini kwenye ngozi, na weka chupa mahali watoto hawafiki. Nitrosamini za tumbaku, kemikali zinazosababisha saratani, nazo huyeyuka pamoja na ladha; usidhani kwamba jani lisilowashwa moto limekuwa mboga. Asiyevuta kitu asianzie hapa.

Anza na asilimia 5 ya dondoo ndani ya juisi, iache wiki moja, ndipo uonje. Ikikosa nguvu, panda hadi 10. Wengi hukimbilia 20 kisha wanalalamikia utambi. Na ukiona kitu kama pamba kinaelea ndani ya chupa, au ikaanza kunukia uchachu, usijaribu kuiokoa kwa kuichuja tena. Mwaga.