Pamba Hairefuki Baada ya Kitumba Kupasuka

Msimu huu tena, katika mikutano ya wakulima wa Manyoni na Iramba, nimeambiwa kwamba pamba iliyopasuka iachwe juani wiki mbili au tatu zaidi ili nyuzi "zivutike". Nimelijibu jambo hili mara nyingi kwa mdomo, na sasa ninaliandika, kwa sababu wanaoliamini ndio wanaorudi kutoka kituo cha ununuzi pamba yao ikiwa imepangwa daraja la fifi, yaani la chini.

Kila unyuzi ni seli moja tu ya ngozi ya mbegu. Huanza kuchomoza siku ileile ua linapofunguka, likiwa bado na weupe wa maziwa. Kesho yake, ua linapogeuka rangi ya waridi, kazi imekwisha kuanza ndani. Kwa muda wa wiki tatu hivi seli hiyo hujaa maji na kusukumwa kwa shinikizo la ndani mpaka ifikie takribani sentimita 2.5 hadi 3, na hapo urefu wake umekwisha. Baada ya hapo huongezeka unene tu, selulosi ikijipanga tabaka juu ya tabaka kwa ndani. Kitumba, yaani tunda la pamba, kinapopasuka, kwa kawaida siku 45 hadi 60 tangu ua lifunguke, seli imekwisha kufa. Maji hukauka, na mrija uliokuwa wa duara hubonyea na kujisokota kama utepe. Kitu kilichokufa hakirefuki. Jua, umande na vumbi la huku kwetu huidhoofisha pamba hiyo na kuifubaza.

Anayebisha namwomba apasue kwa kisu kitumba kibichi cha wiki nne. Atakuta katika kila chumba nyuzi zilizolowa, zimeng'aa na kushikamana. Azichambue taratibu kutoka kwenye mbegu moja, azinyooshe juu ya kiganja, kisha azilinganishe na za kitumba kilichopasuka. Urefu ni uleule.

Kwa hiyo unyevu wa udongo katika wiki hizo tatu za mwanzo ndio wa kuhangaikia. Ukame wa wakati huo huacha nyuzi fupi; ukame wa baadaye, au majani kuliwa na wadudu mapema, huacha nyuzi nyembamba zinazofanya vifundo kiwandani na zisizoshika rangi vizuri. Ndiyo maana ninasisitiza kupanda mvua za kwanza zinapotulia, na ninamsihi kila mkulima afunge uzi wa rangi kwenye maua kumi siku yanapofunguka, kisha ahesabu siku mwenyewe.

Wapo wanaoita pamba nyeupe "ua". Ua lilikwisha kuanguka zamani. Hicho ni kitu cha mbegu.

Wengine hudhani manyoya mafupi yanayobaki kwenye mbegu baada ya kuchambuliwa ni mabaki tu ya nyuzi zilizokatika. Mengi yake ni seli nyingine kabisa, zilizoanza kuota siku kadhaa baada ya zile ndefu.