Kabla ya kununua gari la safari, lala chini yake

Haipiti wiki bila mtu kuja gerejini kwangu hapa Arusha na picha ya gari kwenye simu: "Fundi, hili litanifikisha Ziwa Natron?" Nami namuuliza anasafiri mwezi gani. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ngare Sero, kijiji cha karibu na ziwa hilo, ni mawe, vumbi la volkano na makorongo. Kiangazi, hata RAV4 yenye dereva mtulivu inafika. Masika, korongo ulilovuka kavu asubuhi linaweza kuwa mto jioni.

Wengi wakiona maandishi ya 4WD, yaani gari kuvuta kwa magurudumu yote manne, wanaridhika. RAV4, Harrier na X-Trail nyingi hupeleka nguvu nyuma pale tairi za mbele zinapoteleza, na kwa utelezi mdogo inatosha. Zinachokosa ni L4, ile gia ya kutambaa. Ukiweka L4 gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea huku likivuta kwa nguvu, na kwenye mteremko wa mawe injini yenyewe ndiyo inayolishika gari, bila mguu wako kukanyaga breki. Prado inayo. Jimny, kwa udogo wake, inayo pia, na wepesi wake unaisaidia sana kwenye tope.

Ila mimi moyo wangu uko kwa Mkonga, ile Land Cruiser ya kazi ya msururu wa 70, hasa ile ya injini ya 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Haina haraka, na mlimani utapitwa. Lakini ikikuzimikia mbali, fundi wa kijijini anaifungua kwa spana zake bila kutafuta kompyuta, na spea zake zipo kila mji. Kama yako ina habu za kufunga kwa mkono, vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele, shuka uzigeuze kutoka FREE hadi LOCK kabla ya kuingia topeni. Ukishazama utazitafuta kwa kupapasa ndani ya matope. Ukirudi kwenye lami, rudisha H2, yaani gari livute kwa magurudumu ya nyuma tu. Kwenye kona tairi za mbele na za nyuma hazizunguki sawa. Topeni tofauti hiyo inaishia kwenye utelezi, ila lami haiachii, na mzigo wote unaangukia shafti na gia.

Sasa chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mteja wangu mmoja alileta Prado inayong'aa, ametoka kuilipia. Nikaingia chini na tochi. Chesisi nzima ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mpya, hata kwenye nati. Nikaigonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele: ngo, ngo, ngo, sauti kavu ya chuma kizima. Juu ya ekseli ya nyuma sauti ikawa butu. Nikageuza bisibisi, nikasukuma kidogo, ikazama. Magari mengi yanayotoka sehemu za Japani zenye theluji yamepita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na kutu yake huanzia ndani ya chesisi. Tulichomelea kwa siku nne, na bado nilimwambia asipakie mizigo juu ya paa. Bora angeniita kabla ya kulipa; kugonga chesisi kunachukua dakika kumi.