Simu ninayoiweka kabatini bila haraka ya kuiuza

Kwenye kabati langu la kioo kuna simu moja ya milioni tatu na ushee. Kuna mwezi inatoka moja, kuna mwezi haitoki kabisa. Jirani yangu wa duka la pili hunicheka kwamba nimefungia mtaji. Siku moja nikamsikiliza, nikaiondoa. Ndani ya wiki tatu wateja walikuwa wanavutana nami kushusha bei za simu za laki nane na laki tisa kama samaki wa jioni. Nilipoirudisha, mambo yakatulia. Mtu anasimama mbele ya kabati, anasoma ile milioni tatu na laki mbili, anaguna, kisha anashusha macho: "Hii ya laki tisa mbona iko poa tu."

Kabla ya kuingia Kariakoo nilisomea masoko, na darasani jambo hili tuliliita nanga. Namba ya kwanza kuingia kichwani inatia nanga, na namba zote zinazofuata zinapimwa kutokea pale. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio lao la gurudumu la bahati lililochezewa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Baada ya kulizungusha, watu waliulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kundi lililoona 10 lilikadiria 25, lililoona 65 likakadiria 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika, lakini liliwavuta wote. Sasa fikiria bei, ambayo mnunuzi anaamini inajua kitu.

Hakuna kampuni iliyolielewa hili kama Apple. Mwaka 2016 iPhone 7 ilianzia dola 649. Mwaka uliofuata ikaja iPhone X ya dola 999, na kelele zote zikahamia huko: nani atanunua simu ya dola elfu moja? Pembeni yake, kimyakimya, iPhone 8 ilianzia dola 699. Imepanda 50, kweli, na nafasi ya kuhifadhia iliongezwa, lakini karibu na 999 ilionekana kama simu ya mtu mwenye busara na matumizi yake.

Tazama pia ngazi ya iPhone 15 ya mwaka 2023, kwa bei za Marekani: 799, 899, 999, 1,199. Mwenye 799 anaambiwa ongeza mia upate kioo kikubwa. Akifika 899, anaona kwa mia nyingine anapata Pro, toleo la juu. Hakuna mahali anapoulizwa kama yuko tayari kuongeza 400. Anaulizwa mia, mia tena, kisha mia mbili, na kila hatua peke yake haionekani kubwa. Mimi hapa nafanya vilevile kwa GB 128 na GB 256, sijivuni kwa hilo wala sijifichi.

Kosa walilofanya Apple lilikuwa upande wa pili, wa bei ya chini. Mwaka 2013 walitoa iPhone 5c, ya plastiki na rangi za kupendeza, kwa dola 549 bila mkataba. Ndugu yake, 5s, ilikuwa 649 na ina kisoma alama ya kidole. Dola 549 si pesa ya mandazi, ila mnunuzi hakuiona 5c kama simu ya 549. Aliiona kama simu ya aliyekosa 649. Tim Cook mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa Apple wakati huo, alikuja kukiri kwamba mgawanyo wa mauzo kati ya hizo mbili haukuwa walioutarajia.

Hayo yote ni kabla ya kulipa. Kinachonivutia zaidi ni kinachotokea baadaye. Mteja wa simu ya laki mbili akipiga picha ikatoka na ukungu, ananirudia siku ileile: "Kaka, kamera ya hii simu mbovu." Mteja wa simu ya milioni mbili akipata ukungu uleule anasema alitikisa mkono. Nimesikia utetezi huo mara nyingi mno. Betri ikiisha saa kumi jioni, wa laki mbili analaumu betri, wa milioni mbili anasema leo ameitumia sana.

Wala huyo wa milioni mbili hadanganyi. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya Caltech na Stanford, Marekani, waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwaonjesha mvinyo mmoja, mara wakiambiwa ni wa dola 10, mara wa dola 90. Wa "90" ulisifiwa zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha nayo ikachangamka zaidi. Raha ilikuwa ya kweli, chupa ndiyo ilikuwa ileile.

Lakini nisimalize kama vile kila mwenye simu ghali ni mjinga aliyelaghaiwa. Simu inayopokea masasisho ya mfumo kwa miaka mingi ina thamani unayoweza kuishika. iPhone 6s ya 2015 bado ilipokea mfumo mpya wa Apple, iOS 15, mwaka 2021. Google walipotoa simu yao ya Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi masasisho ya miaka saba, na Samsung wakafuata na Galaxy S24. Hapa sokoni hilo linaonekana kwenye simu zilizotumika: ya bei kubwa ukiirudisha baada ya miaka miwili bado nakupa pesa ya maana, ya laki mbili nakupa nauli. Na hapo mambo yanazunguka, maana sehemu ya pesa ninayokupa inatokana na imani ya mnunuzi anayekuja kwamba simu ile ni ya hadhi. Imani ya wengi inageuka noti mkononi mwako.

Ishara ya bei hufanya kazi mradi isitikiswe. Simu "mpya" ya macho matatu, yaani kamera tatu nyuma, kwa laki tatu hakuna anayeiamini, kila mtu anajua ni kopi. Hata halisi ukiishusha ghafla unaiharibu. Apple walijionea mwaka 2007: iPhone ya kwanza ilishuka kutoka dola 599 hadi 399 baada ya miezi miwili na kidogo tu. Walioiwahi walikasirika kiasi kwamba Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, aliandika barua ya kuomba radhi na kuwapa kila mmoja dola 100 za kununulia dukani kwao. Simu mfukoni haikuwa imebadilika hata skrubu moja.

Mwaka jana nilikwama na simu moja nzuri tu. Nikaishusha kutoka milioni moja na laki moja hadi laki nane na nusu, nikabandika karatasi nyekundu. Swali likawa moja kwa kila aliyeishika: "Ina tatizo gani?" Wengine waliipindua na kuchungulia tundu la chaji. Nikatoa karatasi, nikarudisha milioni moja na elfu hamsini, nikaongeza kava na protekta "bure". Ilitoka wiki ileile. Aliyeinunua alinisisitizia risiti niiweke ndani ya boksi, na boksi lisichanike pembe, maana siku akiiuza ataulizwa alinunua kwa shilingi ngapi.