Okidi isiyo na majani, na kuvu inayoilisha

Katika misitu ya Amerika Kaskazini, majira ya kiangazi, huchomoza shina jembamba la rangi ya wekundu na kahawia lisilo na hata jani moja. Wengi hulipita wakidhani ni kijiti kikavu. Ukiinama ukalitazama vizuri, utaona maua madogo yamejipanga kuanzia katikati hadi juu, kila moja likiwa na mdomo mweupe wenye madoa ya zambarau. Hiyo ni Corallorhiza maculata, okidi ya asili ambayo humea kuanzia Kanada hadi Guatemala.

Mmea usio na ukijani unakula nini? Vitabu vingi vya zamani vilisema unajilisha kwa majani yaliyooza. Si kweli, na inasikitisha kuona maelezo hayo yakiendelea kurudiwa.

Okidi hii haina mizizi. Chini ya udongo ina shina nene lenye vitawi vifupi vilivyobanana kama matumbawe. Nyuzi za kuvu huingia humo, zikajiviringa ndani ya seli, kisha okidi huzimeng'enya na kufyonza sukari na madini yaliyomo. Kuvu nayo haijitengenezei sukari hiyo. Huipata kwenye mizizi ya miti iliyo hai, nayo huipatia miti maji na madini. Kwa hiyo mlo wa okidi umepikwa kwa mwanga wa jua, juu kabisa, kwenye majani ya mti jirani.

Wala si kila kuvu inayoifaa. Mwaka 1997, watafiti D. Lee Taylor na Thomas Bruns walionyesha kwa kupima vinasaba kwamba C. maculata hutegemea kuvu za familia moja tu, Russulaceae. Mwaka 2000 ukaja ushahidi mwingine, safari hii kwa ndugu yake, C. trifida. Watafiti waliipa miti michanga hewa ya kaboni yenye mionzi ili waweze kuifuatilia. Kaboni hiyohiyo waliikuta ndani ya okidi, imepitia kwenye nyuzi za kuvu zilizoiunganisha na miti hiyo.

Mbegu za C. maculata ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula. Isipokutana na kuvu, mbegu haiwezi kukua. Okidi nyingine nazo huanza maisha hivyo, lakini baadaye huota majani zikajitegemea. Hii haifikii hatua hiyo kamwe.

Ndiyo maana tunawasihi watu wasiichimbe. Ukiihamishia bustanini umeitenga na kuvu pamoja na mti, na itakufa hata ukiimwagilia kila siku. Miti ikikatwa, okidi iliyo chini yake hupoteza chakula ingawa hakuna aliyeigusa. Na mwaka usipoona ua mahali ulipoliona zamani, usidhani imetoweka: inaweza kukaa ardhini miaka kadhaa bila kuchanua, kwa hiyo usipakanyage wala kupafukua.