Kihatarishi cha kisonono cha koo maana yake nini?

Kisonono, au gono kama wengi wanavyokiita mtaani, tumezoea kukitambua kwa mambo ya chini: mkojo unachoma, usaha unatoka. Bakteria wake lakini huweza kukaa penginepo, kwenye njia ya haja kubwa, machoni, hata kooni. Wakikaa kooni, hicho ndicho kisonono cha koo.

Neno "kihatarishi" huchanganya watu. Kihatarishi si chanzo. Chanzo cha kisonono ni kimoja tu, bakteria aliyegunduliwa na daktari Mjerumani Albert Neisser mwaka 1879. Ukiwa na mpenzi asiye na bakteria huyo, hakupi, mfanye mtakavyo. Kihatarishi ni jambo linaloongeza uwezekano wa kukutana naye.

Kikubwa kwa koo ni ngono ya mdomo bila kondomu, hasa kunyonya uume wa mtu mwenye maambukizi. Kulamba uke nako huambukiza, ila kwa nadra zaidi. Kisha kuna mpenzi mpya, wapenzi wengi, mpenzi mwenye wapenzi wengine, na kuwahi kuugua, kwa kuwa kupona hakukupi kinga. Wanaume wanaofanya ngono na wanaume hukutwa nacho zaidi. Na denda? Watafiti wa Melbourne, Australia, wamepata dalili kwamba hata kubusiana kwa ndimi huweza kukihamisha, ingawa wataalamu hawajakubaliana. Hukohuko Melbourne walijaribu pia dawa ya kusukutua mdomo kama kinga, haikusaidia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ukimya wake. Wengi wenye kisonono cha koo hawasikii lolote. Mwenye bahati, kama ni bahati, huwashwa koo akadhani ni mafindofindo, akanunua vidonge duka la dawa na maisha yakaendelea. Kipimo cha mkojo hakioni kilichoko kooni. Lazima koo lenyewe lipanguswe kwa kijiti cha pamba na sampuli ipelekwe maabara. Nasi huku, katika vituo vingi vya afya Tanzania na Kenya, magonjwa ya zinaa hutibiwa kwa kufuata dalili. Koo lisilo na dalili nani ataliuliza? Kwa hiyo ukienda kupima, mwambie mhudumu waziwazi kwamba umefanya ngono ya mdomo. Aibu ipo, najua, lakini asipoambiwa atakupa kikopo cha mkojo tu.

Tiba yake ni sindano ya seftriaksoni. Koo ni gumu kusafika kuliko sehemu za siri kwa sababu dawa nyingi hazifiki huko kwa kiwango cha kutosha, ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kurudi kupimwa baada ya wiki moja au mbili. Isitoshe, kooni wanaishi bakteria wengine wa ukoo huohuo wasio na madhara, na wa kisonono huokota kwao vinasaba vya usugu wa dawa. Mwaka 2009 huko Kyoto, Japani, aina sugu kwa seftriaksoni ilipatikana kwenye koo la mwanamke mmoja. Mwaka 2018 Uingereza ikapata mgonjwa wake: mkojo ulikuwa umeshakuwa safi, koo bado. Ilibidi atundikiwe dawa nyingine ya mshipani kwa siku 3 ndipo akapona.