Kishona nguo kidondani: kilichoponya ni nini hasa?

Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, mvuvi mmoja alichanwa kiganja na mwiba wa pezi la sangara. Mama muuza dagaa aliyekuwa karibu akachuma majani ya kishona nguo kando ya njia, akayafikicha mpaka yakatoa maji ya kijani, akayabandika na kukaza kwa kipande cha khanga. Damu ikakata.

"Mwanangu, hiyo nayo kaiandike huko maabara kwako."

Nimeiandika, mama. Sasa niambie: damu ilikatwa na jani au na khanga?

Kishona nguo ni yale magugu ambayo mbegu zake hung'ang'ania suruali ukipita shambani. Asili yake ni Amerika, ingawa ukitembea Usukuma utadhani lilizaliwa hapa. Majani yake yana tanini, kitu kilekile kinachokaza ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini hugandisha protini, kwa hiyo maneno ya mama si ya kupuuza.

Maabara, ili kupima kama jani linaua bakteria wa kidonda, tunakausha majani kivulini, tunayasaga, tunaloweka unga kwenye spiriti na kuchuja. Tone la dawa linawekwa kwenye kikaratasi cha duara, nacho kinalazwa juu ya agari, utando kama jeli wa kukuzia vijidudu kwenye sahani, iliyopakwa bakteria wa usaha, Staphylococcus aureus. Usiku kucha kwenye nyuzi 35 hivi. Dawa ikiwa na nguvu, asubuhi unakuta duara safi kuzunguka kikaratasi, unalipima kwa rula.

Mara ya kwanza nilikuta duara la kupendeza. Nikaanza kutabasamu, kisha nikaona kikaratasi cha spiriti tupu nacho kina duara lake. Nilikuwa na haraka, sikusubiri spiriti ikauke, nayo yenyewe huua bakteria. Sahani zote zikaenda kutupwa.

Hata hivyo, kuua bakteria si kufunga kidonda. Jiki nayo inaua, lakini inaunguza nyama changa. Ndiyo maana hatua inayofuata ni panya, kwa kibali cha kamati ya maadili na dawa ya usingizi. Hapa ndipo wengi hujidanganya: wanalinganisha kidonda kilichopakwa dawa na kilichoachwa wazi. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi haraka kuliko kilichoachwa kikauke. Basi nikichanganya unga wangu na mafuta ya mgando, huenda mafuta ndiyo yanayofanya kazi na jani linapewa sifa za bure. Lazima kundi jingine lipakwe mafuta matupu. Tena ngozi ya panya imelegea, kidonda chake hujivuta kikajifunga. Chetu hutegemea zaidi nyama na ngozi mpya.

Yule mvuvi nilimsindikiza zahanati kwa sindano ya pepopunda. Majani yalichumwa njia ya ng'ombe, na hakuna aliyeyaosha.

Halafu mama hatumii spiriti wala hakaushi chochote. Wiki hii naanza upya kwa majani mabichi, yaliyooshwa, nikiyafikicha kama yeye.