Hali fiche haifichi kila kitu
Wengi wanaamini kwamba ukifungua kivinjari kwa hali fiche (incognito), lile dirisha jeusi, hakuna awezaye kujua umetembelea tovuti gani. Inaeleweka, jina lenyewe linaahidi siri.

Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo. Ukishafunga madirisha yake yote, kivinjari hufuta historia na vidakuzi (cookies, vijifaili ambavyo tovuti huvitumia kukukumbuka) vya kipindi hicho kwenye kifaa ulichotumia. Basi. Si haba, hasa ukiwa saiba, duka la kompyuta za kukodi, pale mtaa wa Tom Mboya jijini Nairobi, ambapo ukiinuka tu mwingine anakalia kiti kingali na joto. Lakini faili ulizopakua, tuseme cheti cha kuzaliwa au taarifa ya benki, hubaki kwenye folda ya kompyuta hadi uzifute mwenyewe. Anayesimamia mtandao bado anaweza kuona majina ya tovuti unazofungua, na ukiingia kwenye akaunti yako, tovuti inakujua.

Unaweza kujipimia. Fungua tovuti inayoonyesha anwani yako ya IP, yaani nambari inayotambulisha muunganisho wako mtandaoni, kwa dirisha la kawaida, kisha kwa hali fiche: kwa kawaida utaona nambari ile ile. Maelezo ya mipaka hiyo yenyewe yameandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa hali fiche, ila nani huyasoma?